Kongwe au Jipya: Ushauri kwa Mnunuzi wa Gitaa la Kutelezesha

Kila mtu aliyetekwa na sauti ya gitaa la kutelezesha hufika siku moja mbele ya swali ambalo jibu lake hutolewa kwa fedha: je, anunue gitaa kongwe, lililotoka mikononi mwa mafundi wa Los Angeles au Chicago kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, au anunue jipya, lililotoka kiwandani juzi na ambalo halijapata kumilikiwa na mtu? Wapenzi wa mambo ya kale hujibu upesi kwamba ya kale ni dhahabu, na kwamba madini na mbao huhitaji miaka mingi ya kupigwa kabla ya kutoa sauti iliyoiva. Wapenzi wa mapya nao hujibu kwa upesi uo huo kwamba umri si ustadi, na kwamba anayelipa maelfu ya dola kwa gitaa lenye kutu hununua hadithi wala hanunui ala. Kila upande umeshika sehemu ya haki, lakini hakuna hata mmoja unaompa mnunuzi kipimo cha kutumia siku ile anaposimama mbele ya muuzaji na fedha zake mfukoni. Kipimo ninachokipendekeza ni hiki: lipia kile ambacho umri umekihifadhi na ambacho hakiwezi kubadilishwa, wala usilipie kile ambacho fundi hodari aweza kukitia kipya kwa kazi ya siku moja. Yote yatakayofuata ni ufafanuzi wa kanuni hiyo.

Gitaa la kutelezesha hutofautiana na magitaa mengine kwa jambo moja lenye matokeo mengi, nalo ni kwamba nyuzi zake hazibanwi kwa vidole mpaka zikagusa ubao wa shingo, bali huguswa kwa juu na kipande cha chuma, cha shaba au cha kioo, ambacho hapa nitakiita kitelezo, na ambacho mpigaji hukitembeza huku na huku, sauti ikapanda na kushuka bila ya ngazi. Sanaa hiyo ilienea kutoka Hawaii, ambako Joseph Kekuku, mzaliwa wa Laie, husifiwa kuwa ndiye aliyeianzisha mwishoni mwa karne ya 19 alipokuwa kijana wa shule, ikapata umaarufu mkubwa katika bara la Marekani baada ya maonyesho ya San Francisco ya mwaka 1915. Huko Kusini mwa Marekani, watu weusi nao walikuwa na njia yao: mtunzi wa muziki W. C. Handy alisimulia ya kwamba mnamo mwaka 1903, katika stesheni ya Tutwiler, jimbo la Mississippi, alimsikia mtu akipiga gitaa kwa kuubana ubapa wa kisu juu ya nyuzi. Kutoka Hawaii sanaa hiyo ilivuka bahari hadi India, ambako mwanamuziki Tau Moe aliishi Calcutta katika miaka ya 1940, na ala ikapata mahali katika okestra za filamu za Kihindi. Kwa hiyo wazee wa Unguja, Mombasa na Dar es Salaam waliozizoea senema hizo wameisikia sauti yake, hata kama hawakupata kuiona ala yenyewe.

Kutokana na jambo hilo moja, yaani nyuzi zisizobanwa, huzaliwa hesabu ambayo wanunuzi wengi huisahau. Katika gitaa la kawaida, uzee hudhihirika kwanza katika freti zilizoliwa na nyuzi, katika ubao wa shingo uliochimbika kwa vidole, na katika nyuzi zilizoinuka kwa kuwa shingo imeanza kupinda. Na kila moja ya dosari hizo hushusha bei. Kwa anayetelezesha, freti zilizolika hazimdhuru kitu, maana kitelezo chake hakizigusi, na nyuzi zilizoinuka kiasi ndiyo matakwa yake, kwa kuwa zikiwa chini mno kitelezo hugonga freti na kuharibu sauti. Basi gitaa ambalo mpigaji wa vidole amelikataa laweza kuwa zima kwa matumizi yetu, na mnunuzi mwenye subira, ajuaye anachokitafuta, aweza kulipata kwa bei ya insafu mahali ambapo wengine wameona ila tu.

Kabla ya kuuliza umri wa gitaa, hata hivyo, jiulize utalipigaje. Kuna wapigaji wanaolilaza gitaa mapajani, nyuzi zikitazama juu, na kitelezo kizito cha chuma wakikishika kwa mkono wa kushoto kutoka juu. Na kuna wanaolipakata kwa desturi ya kawaida, kitelezo kikiwa kimevishwa kidoleni, ili vidole vilivyobaki viweze kubana nyuzi pale inapohitajika. Kundi la kwanza hutaka shingo ya mraba, nene, yenye nyuzi zilizoinuliwa karibu sentimita moja juu ya ubao. Kundi la pili hutaka shingo ya mviringo, na nyuzi zilizoinuka milimita 2 na nusu au 3 hivi kwenye freti ya 12. Gitaa lenye shingo ya mraba halipigiki kwa kupakatwa, na la shingo ya mviringo, ingawa laweza kuinuliwa nyuzi kwa kipande cha chuma kinachowekwa kichwani mwa shingo, halikuumbwa kustahimili miaka mingi ya mvuto mkali wa nyuzi nene. Anayenunua kabla ya kukata shauri hili hununua kwa kubahatisha, liwe gitaa kongwe au jipya.

Magitaa yanayovutia wanunuzi wengi ni yale ya rezoneta, yaani yenye koni za madini za kukuza sauti. Yalizaliwa Los Angeles katika miaka ya 1920, wakati ambapo hapakuwa na umeme wa kukuza sauti ya gitaa, nalo lilikuwa likifunikwa na tarumbeta na ngoma. George Beauchamp, mpigaji wa gitaa la Kihawaii, alimwendea John Dopyera, fundi mzaliwa wa Slovakia aliyehamia California na wazazi wake, akamtaka amtengenezee ala yenye sauti kubwa. Dopyera akaweka ndani ya kiwiliwili cha madini koni tatu nyembamba za alumini, kila moja yenye upana wa inchi 6 hivi, zikabeba daraja lenye umbo la herufi T. Nyuzi zikitikisika, daraja huzitikisa koni, na koni huisukuma hewa. Mwaka 1927 magitaa hayo yakaanza kuuzwa kwa jina la National. Baadaye ikaja koni moja ya inchi 9 na nusu, yenye kisahani cha mbao kileleni, iliyokuwa rahisi zaidi kutengenezwa. Na Dopyera, baada ya kuachana na wenzake, akaunda pamoja na ndugu zake kampuni ya Dobro, ambayo koni yake ya inchi 10 na nusu imegeuzwa kinyume, kinywa kikitazama juu, na daraja lake husimama juu ya miguu minane ya alumini. Kampuni hizo mbili ziliungana katika miaka ya 1930 na kuhamia Chicago, na Marekani ilipoingia vitani mwaka 1941, madini yakachukuliwa na vita na kazi hiyo ikakoma.

Aina hizo tatu za koni hazilingani kwa sauti, na tofauti baina yao ni kubwa kuliko tofauti baina ya kongwe na jipya la aina moja. Jambo hili ningetaka kila mnunuzi alikariri. Koni tatu hutoa sauti laini, iliyotandaa, yenye kudumu, na ndiyo iliyompendeza Sol Hoopii wa Hawaii, na Tampa Red katika blues. Koni moja yenye kisahani hutoa sauti kali, nene, inayoruka haraka na kukatika haraka, na katika kiwiliwili cha chuma ndiyo sauti tunayoihusisha na Son House na Bukka White wa blues. Koni ya Dobro, ambayo aghalabu hukaa ndani ya kiwiliwili cha mbao, hutoa sauti ndefu inayopita puani kidogo, na imekuwa ndiyo sauti ya rezoneta katika muziki wa bluegrass tangu Josh Graves hadi Jerry Douglas. Anayetamani sauti ya Jerry Douglas akanunua Duolian ya mwaka 1932, yaani National ya chuma yenye koni moja, hata ikiwa nzima na safi kiasi gani, amenunua gitaa jema lisilo lake.

Sasa tuitazame kazi ya umri juu ya ala hizi, kiungo kwa kiungo. Koni, ambayo ndiyo moyo wa sauti, ndiyo pia kiungo dhaifu kuliko vyote: ni alumini nyembamba mno, nayo hubeba mkandamizo wa nyuzi usiku na mchana, na baada ya miongo kadhaa aghalabu huzama, hupasuka ukingoni, au hulegea ikaanza kuvuma. Wapo wanaosema kwamba koni ya asili ina utamu ambao mpya haina, na huenda ni kweli kwa koni iliyohifadhika vyema; lakini koni nzuri hutengenezwa hata leo, bei yake ni ya makumi ya dola wala si ya mamia, na kuibadilisha ni kufungua skrubu za kifuniko na kuzirudisha. Mnunuzi wa jahazi kuukuu hatazami tanga, kwa kuwa tanga hushonwa jipya; hutazama mkuku na mbavu. Vivyo hivyo katika rezoneta kongwe, unachokinunua kwa hakika ni kiwiliwili na shingo, na bei yote unayoiafiki ipimwe kwa viungo hivyo viwili.

Kiwiliwili cha National ya zamani huwa cha namna tatu. Magitaa ya koni tatu yalitengenezwa kwa ile iitwayo fedha ya Kijerumani, mchanganyiko wa shaba nyekundu, zinki na nikeli, usio na fedha hata chembe, wala muuzaji asikutoze bei ya fedha. Style O kwa kawaida ni shaba ya manjano iliyopakwa nikeli na kutiwa nakshi za minazi na fukwe za Hawaii. Na gitaa moja la namna hiyo, la mwaka 1937, mali ya mpigaji Mark Knopfler, ndilo lililo kwenye jalada la santuri ya Brothers in Arms ya mwaka 1985, basi fahamu kwamba anayekuuzia Style O hukuuzia pamoja nayo umaarufu wa picha hiyo. Duolian na Triolian za madini ni za bamba la chuma lililopakwa rangi, na ndizo zilizonunuliwa na watu wa kipato cha chini, lakini sauti yao haikupungukiwa kwa sababu ya unyonge wa bei. Madini hayo matatu hayaboreki sana kwa miaka. Hudumu tu, na kudumu ndiyo fadhila yao. Adui wa chuma ni kutu, na anayeishi kandokando ya bahari, ambako hewa ina chumvi, ajue kwamba bamba la chuma lililochunika rangi litamdai utunzaji wa kila wiki, ilhali shaba iliyopakwa nikeli humsamehe zaidi.

Shingo ndiyo inayostahili uchunguzi mkali kuliko vyote. Shingo za magitaa hayo ya kale ni za mbao, nazo hazina ule ufito wa chuma wa kurekebishika ambao mafundi wa leo huuficha ndani ya shingo ili kuinyoosha kwa kuuzungusha. Nyuzi nene tunazozitumia, za kutoka inchi 0.013 hadi 0.056, hukazika kwa mvuto wa jumla ya kadiri ya kilo 80 zikipatanishwa kwa kawaida, na mvuto huo uliostahimiliwa kwa miaka 90 waweza kuikunja shingo ya mviringo. Kuinyoosha ni kazi ya kung'oa freti, kuranda ubao na kutia freti mpya, na pengine kuifungua shingo yote na kuirudisha kwa pembe sahihi. Kazi hiyo huwezekana, lakini si ya kila fundi, na gharama yake yaweza kukaribia bei ya gitaa jipya la kadiri. Shingo ya mraba ni nene kiasi kwamba mara chache hupinda, na kwa kuwa wapigaji wa kupakata ni wengi kuliko wa kulaza, magitaa ya kale yenye shingo ya mraba huuzwa kwa bei ya chini sana kuliko wenzao. Anayepiga kwa kulaza mapajani asiiache fursa hiyo impite: koni tatu ya shingo ya mraba ni miongoni mwa mali bora za kale ambazo mtu wa kipato cha wastani bado aweza kuzifikia.

Ukipata nafasi ya kulishika gitaa kongwe kabla ya kulinunua, lichunguze kwa utaratibu. Likaze nyuzi kwanza, kwa maana gitaa lenye nyuzi zilizolegezwa huficha kila ugonjwa. Tazama kwa jicho moja kutoka kichwani hadi kwenye daraja, kisha bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na pale shingo inapokutana na kiwiliwili, uone nafasi iliyobaki katikati: unene wa karatasi moja au mbili hauna neno, lakini nafasi ya kupitisha sarafu ni onyo. Chukua kitelezo chako mwenyewe, kilicho na uzito uliouzoea, na ukipitishe juu ya kila uzi polepole kutoka juu hadi chini, ukisikiliza mvumo wa bati, kwani mvumo unaosikika katika noti moja tu aghalabu hutoka kwenye skrubu iliyolegea, na ule unaosikika kila mahali hutoka kwenye koni. Mulika tochi kwenye matundu ya kifuniko uone kama koni imezama. Chunguza kama kiwiliwili kimetobolewa ili kupitisha waya wa umeme, kama nikeli imepakwa upya, na kama nakshi zimefutika kwa kusuguliwa. Mambo hayo hayaharibu sauti, ila huharibu thamani, na muuzaji mwaminifu atayakubali bila ya kusukumwa.

Kuhusu uhalali wa umri, namba iliyogongwa kichwani mwa shingo ni shahidi, lakini si shahidi wa pekee. Bob Brozman, mpigaji na mtafiti aliyefariki mwaka 2013, aliacha kitabu kikubwa juu ya historia ya ala za National ambacho wauzaji na wanunuzi hukitegemea kuoanisha namba na miaka; na maungo yenyewe husema pia, kwa mfano magitaa ya mwanzo shingo zao hukutana na kiwiliwili kwenye freti ya 12, na katikati ya miaka ya 1930 yakaanza ya freti ya 14. Ghiliba iliyo ya kawaida kuliko zote ni kuchukua gitaa la shingo ya mraba, lenye bei ndogo, na kulitia shingo ya mviringo ili liuzwe kwa bei kubwa. Gitaa la namna hiyo laweza kulia vizuri sana, na hapana ubaya kulinunua, madhali bei yake inakiri jambo lililofanyika. Kama gitaa linavuka mipaka ya nchi, uliza pia juu ya mbao: mti wa Brazili uitwao Dalbergia nigra, jamaa ya mpingo wetu, umetumika katika baadhi ya magitaa ya kale ya Marekani, na tangu mwaka 1992 biashara yake imezuiwa vikali na mkataba wa kimataifa wa CITES, hata kipande kidogo kikaweza kukukwamisha forodhani usipokuwa na hati.

Kuna aina mbili za gitaa ambazo kanuni yetu huzifikia kwa namna tofauti. Ya kwanza ni magitaa matupu ya mbao ya Hermann Weissenborn, aliyefanya kazi Los Angeles na kufariki mwaka 1937: yametengenezwa kwa koa, mti wa Hawaii, na hata shingo yake iko wazi kwa ndani, ili sauti ipate nafasi ya kuzunguka kutoka mwisho hadi mwisho. Humo hamna koni ya kubadilishwa. Sauti yote ni mbao nyembamba zilizokauka kwa miaka mia, na kwa hiyo hapa umri wenyewe ni sehemu ya kile unachokilipia. Lakini wembamba huo una gharama yake, maana nyufa, mbavu za ndani zilizobanduka na daraja linaloinua uso wa gitaa ni maradhi ya kawaida, na anayelinunua bila ya kumpelekea fundi alimulike ndani amejitia katika hatari asiyoijua. Kwa mtu wa safari, ambaye gitaa lake litapita katika joto la mwambao na ubaridi wa ndege, nakala nzuri ya kisasa ni chaguo la busara kuliko la asili.

Aina ya pili ni magitaa ya umeme ya kulaza mapajani, na hapa nashauri kinyume: yatazame ya kale kwanza. Rickenbacker ndiye aliyetangulia, kwa lile gitaa dogo la alumini lililoanza kuuzwa mwaka 1932 kutokana na wazo la Beauchamp yule yule, na baadaye Gibson, National, Supro na wengineo walitengeneza maelfu kwa maelfu, kwa kuwa shule za muziki wa Kihawaii zilienea Marekani na kampuni ya Oahu ya Cleveland ikawauzia wanafunzi masomo na ala kwa pamoja. Wingi huo umeweka bei zake katika kiwango cha kadiri hadi leo. Mwili wake ni kipande kimoja kigumu, shingo haipindi, freti zimechorwa tu, na sumaku ya kunasia sauti aghalabu ingali na nguvu. Yaani karibu kila kiungo ni cha kile ambacho umri hukihifadhi. Mpigaji mashuhuri Ry Cooder, ambaye angeweza kununua gitaa lolote alitakalo, alizitoa sumaku za magitaa ya namna hiyo akazitia katika gitaa lake la kawaida la umeme, na huo ni ushahidi wa mahali thamani ilipo. Tahadhari ni mbili. La alumini hupotea sauti likipata joto, maana madini hutanuka. Na amplifaya ya zamani inayouzwa pamoja na gitaa imetengenezwa kwa umeme wa Marekani wa volti 110, mara nyingi ikiwa na waya wa pini mbili usio na njia ya ardhini, basi kuichomeka katika umeme wetu wa volti 230 ni kuiunguza, na kuitumia hata kwa transfoma kabla fundi hajatia waya wa ardhini ni kujihatarisha nafsi.

Nimesema mengi juu ya kongwe kwa sababu ndiko kwenye mitego mingi. Lakini haki ya jipya lazima itolewe bila ya kinyongo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, kampuni ya National Reso-Phonic ya San Luis Obispo, California, iliyoasisiwa na Don Young na McGregor Gaines, imeirudisha sanaa ya viwiliwili vya madini na koni nzuri katika daraja ambalo wapigaji mashuhuri hawaoni aibu kulitumia. Na Paul Beard wa Hagerstown, Maryland, ametoa magitaa ya jamii ya Dobro yenye sauti ndefu na nguvu kuliko mengi ya miaka ya 1930. Wapo watakaokuambia kwamba ya kale yalikuwa ya mbao halisi na mapya ni ya matabaka; nawe uwakumbushe kwamba Dobro nyingi za asili zilitengenezwa kwa mbao za matabaka, kwa kuwa sauti hutoka kwenye koni na si ubaoni. Gitaa jipya lina ufito wa kurekebisha shingo, vigingi vinavyoshika, na dhamana ya aliyelitengeneza. Koni yake mpya huwa ngumu kidogo mwanzoni, lakini hufunguka kwa kupigwa, na haitakuomba miaka 90.

Kwa mwenye fedha chache, magitaa ya Gretsch na Recording King, yanayotengenezwa Asia, hupatikana kwa dola mia chache. Kosa lao la kawaida liko mahali pale pale ambapo tiba ni nyepesi: koni nzito iliyofyatuliwa kwa mashine, na kitako cha nyuzi kilichochongwa kwa haraka. Mtie fundi kazini, abadilishe koni hiyo kwa nzuri na kuinua nyuzi kwa kiasi cha kitelezo, na kwa gharama ndogo utakuwa na ala itakayokutosha kwa miaka mingi. Jihadhari tu na rangi nene na rembo nyingi juu ya bamba jembamba, kwani fedha iliyokwenda kwenye urembo haikwenda kwenye sauti.

Basi hukumu yangu ni hii. Anayeanza anunue jipya, la bei ya kadiri, lenye koni nzuri, alipatanishe kwa D au G iliyo wazi, yaani D, A, D, F#, A, D, au D, G, D, G, B, D, akapige mpaka sikio lake lijue tofauti ya koni tatu na koni moja bila ya kuangalia. Kabla ya hapo, kongwe litamlipisha kwa ajili ya sifa asizozisikia. Anayepiga kwa kazi, akisafiri kutoka jukwaa hadi jukwaa, awe na jipya lililo bora kwa kadiri ya uwezo wake, kwa kuwa gitaa ambalo halijulikani kama litafika zima haliwezi kutegemewa na mtu anayekula kwalo. Anayelaza mapajani atafute kongwe bila ya woga, la umeme au la shingo ya mraba. Na yule mwenye sikio lililokwisha kukomaa, anayeitaka sauti ya chuma ya mwaka 1932 na hakuna nyingine inayomtosha, anunue kongwe lake kwa moyo mkunjufu, ila atenge sehemu ya fedha kwa ajili ya fundi kabla ya kumlipa muuzaji, wala asijipatie gitaa asiloweza kulitengeneza.

Na akiisha kulipata, ajue kwamba amechukua amana. Asitoboe tundu jipya. Akitaka umeme, zipo sumaku za kubandika zisizoacha alama. Viungo atakavyovitoa, iwe ni koni iliyozama au vigingi vilivyochoka, asivitupe, bali avifunge na kuviweka ndani ya sanduku la gitaa pamoja na karatasi inayoeleza nani alitengeneza nini na mwaka gani. Asilikaze kupita D na G kama shingo ni ya mviringo, na alipige kila siku, kwa maana ala iliyofungiwa huharibika bila ya mtu kujua. Tukifanya hivyo, magitaa yaliyovuka vita, kutu na ujinga wa wenye nayo yatawafikia wapigaji ambao hawajazaliwa, yakiwa na kiwiliwili na shingo ile ile ya asili, na huo ndio wajibu anaopaswa kuukubali kila mtu anayelipa bei ya kongwe.